Jini mahaba hana kosa: kwa nini hamu ya mwanamke kijana hupanda na kushuka

Ilikuwa Jumamosi, saluni moja ya uswahilini Tanga, viti vimejaa kwa sababu kesho yake mtaani kulikuwa na harusi. Nilikuwa nasubiri zamu yangu, pakti mbili za rasta mapajani. Dada aliyekuwa anasukwa, wa miaka kama 26 hivi, ndoa yake ina miaka mitatu, alianza kumnong'oneza msusi, ila saluni haina siri. "Mume wangu nampenda jamani, Mungu anaona. Lakini usiku akinigusa bega tu naona kero. Na mwezi uliopita mimi ndiye nilikuwa namsumbua mpaka ananikimbia. Sasa nini hiki?"

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja aliyekuja kupakwa hina akajibu bila kuinua macho: "Jini mahaba huyo, mwanangu. Anamwonea wivu mumeo." Rasta hazijafika hata nusu ya kichwa, dada wa watu alikuwa ameshapewa namba za waganga wawili, mmoja wa Pangani na mwingine wa Muheza, pamoja na bei ya kombe, yale maandishi ya dua yanayooshwa na kunywewa.

Kwa asiyemjua, jini mahaba ni yule mume asiyeonekana, anayesemwa kuwa humwendea mwanamke ndotoni na kisha humchukiza mume wake wa duniani. Mwanamke akipoa ghafla, yeye. Akikataa wachumba, yeye. Akiamka na hamu asiyoijua imetoka wapi, yeye pia. Mimi si daktari wala si mganga, lakini nimesoma mambo haya kwa miaka kadhaa, kwanza kwa sababu yalinihusu, na nimefika mahali pa kumtetea jini huyo. Mara nyingi anasingiziwa.

Hamu ya mwanamke haikai mahali pamoja kwa sababu haitoki mahali pamoja. Ndani yake kuna homoni za wiki hiyo, usingizi wa jana, maneno ya asubuhi, umri wa mapenzi yenyewe, hofu ya mimba na unene wa ukuta unaokutenganisha na jirani. Gusa kimoja, na hamu inasogea. Yule dada alikuwa anauliza kwa nini yeye si yule wa mwezi uliopita, wakati mwezi uliopita haukuwa huu.

Njaa na harufu ya vitumbua

Tuanze na kosa ambalo hata wataalamu walilifanya. Mwaka 1966 Wamarekani wawili, William Masters na Virginia Johnson, walichapisha matokeo ya kupima miili ya watu maabara wakati wa tendo la ndoa. Walipanga hatua nne, kuanzia msisimko mpaka mwili kutulia. Ukizitazama vizuri hatua zile, hamu yenyewe haimo. Watu wa maabara walishakuja wakiwa tayari. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Helen Singer Kaplan wa New York akaiweka hamu mlangoni: kwanza unatamani, ndipo mwili unasisimka, ndipo unafika kileleni. Mpangilio huo ukaenea vitabuni, na mwanamke ambaye hamu haikumjia yenyewe kwanza akahesabiwa kuwa na kasoro.

Karibu mwaka 2000, daktari Rosemary Basson wa Vancouver, Kanada, akasema kile ambacho wanawake wengi wa ndoa wangeweza kumwambia bila maabara. Mwanamke, hasa aliye kwenye uhusiano wa muda mrefu, mara nyingi huanza akiwa katikati: hatamani, wala hajakataa. Anasogea kwa sababu nyingine, labda ukaribu, labda maneno matamu ya jioni ile. Akishikwa vizuri, akiwa na nafasi, mwili unaanza kuitika, na hamu inafuata nyuma ya msisimko badala ya kuutangulia.

Kuna siku unatafuta chakula kwa sababu una njaa. Kuna siku nyingine huna njaa kabisa, umejikalia zako, jirani anaanza kukaanga vitumbua, harufu inaingia dirishani na mate yanajaa mdomoni. Vyote viwili ni hamu ya kula. Hamu ya kwanza tuiite inayojileta, ya pili inayoitika. Kijana wa miaka 20 na kitu kwenye mapenzi mapya huwa na ile ya kwanza kwa wingi, kisha miaka inapokwenda ya pili inachukua nafasi kubwa zaidi. Wapo wanawake ambao ya kwanza haiwatoki maisha yao yote, na wapo ambao hawajawahi kuijua, na wote ni wazima.

Hapa ndipo ndoa nyingi zinapoumizana. Mume anangoja mke aanze. Mke haanzi, kwa sababu kwake hamu inahitaji kuitwa. Mwaka ukipita mume ameshajiambia, "Ana mtu nje huyu," na mke ameshajiambia kuwa ameharibika. Kumbe dirisha lilikuwa limefungwa tu, harufu haiingii.

Ila niweke alama hapa, maana wapo wanaume watakaochukua nusu ya maneno haya na kukimbia nayo. Kuwa katikati na kukataa ni vitu viwili. Asiye na njaa anaweza kuvutwa na harufu. Mwenye kichefuchefu ukimlazimisha atatapika, na kesho yake hata harufu hataitaka. Aliyesema hapana amesema hapana.

Siku za hatari

Sasa homoni, ambazo watu huzipa lawama zaidi au kidogo kuliko zinavyostahili.

Mzunguko wa hedhi wa mwanamke kijana kwa kawaida huchukua siku kati ya 24 na 38, kwa hiyo ile 28 ya vitabuni ni wastani tu. Damu ikikatika, homoni iitwayo estrojeni huanza kupanda siku hadi siku mpaka karibu na yai kupevuka. Yai likishatoka, homoni nyingine, projesteroni, inashika usukani kwa takriban wiki mbili. Mimba isipoingia, zote mbili zinashuka na damu inarudi.

Mwaka 2004 Allen Wilcox na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya wanawake 68 waliokuwa wakiandika kila siku kama wamekutana na wenzi wao. Ujanja wa utafiti huo ni kwamba wanawake wale walikuwa wametiwa kitanzi au wamefunga kizazi. Hawakuwa wakiitafuta mimba wala kuikimbia. Hata hivyo, katika siku sita ambazo mimba ingeweza kuingia, walikutana na wenzi wao kwa asilimia 24 zaidi ya siku nyingine nje ya hedhi. Hakuna aliyekuwa akiwahesabia siku. Mwili ulizijua wenyewe.

Miaka tisa baadaye, James Roney na Zachary Simmons wa California wakapima homoni kwenye mate ya wanawake vijana siku baada ya siku, wakalinganisha na hamu yao. Estrojeni ikipanda, hamu nayo ilipanda siku moja mbili baadaye. Projesteroni ikipanda, hamu ikashuka. Testosteroni, ambayo kila mtu mtandaoni anaisifu kuwa ndiyo homoni ya ashiki, kwa wanawake hawa haikutabiri kupanda na kushuka kwa siku hadi siku. Mimi hilo lilinishangaza, maana nimeona watu wakiuza mitishamba kwa jina la testosteroni mpaka kwenye mabasi.

Na lugha yetu imeziitaje siku hizo sita? Siku za hatari. Hatari ya mimba, bila shaka, na jina limetoka kliniki likaingia mtaani. Lakini tazama linavyofanya kazi kichwani mwa mwanamke asiyetumia njia yoyote zaidi ya kalenda. Ninayo picha ya kalenda ya ukutani ya rafiki yangu mmoja, ile inayogawiwa bure mwisho wa mwaka, tarehe 11 mpaka 17 zimezungushiwa kalamu nyekundu. Siku hizo hizo mwili wake unapuliza makaa, na siku hizo hizo anamgeuzia mumewe mgongo. Zikipita, hofu inaondoka, na projesteroni imeshaingia: matiti yanauma, tumbo limejaa, usingizi saa mbili usiku. Mume haelewi. Yeye mwenyewe pia haelewi. Ukimuuliza atakwambia hana hamu, wakati hamu ilikuja wiki iliyopita ikakuta mlango umetiwa komeo.

Si kila mwanamke anafuata ramani hiyo. Wapo wanaopandwa na hamu siku mbili kabla ya damu, na wapo ambao siku zenyewe za damu ndizo zao. Homoni zinasukuma, haziamrishi. Mwanamke aliyegombana na mumewe asubuhi hatakumbuka kuwa yai limepevuka.

Kuna porojo moja niizike hapa. Kwa miaka mingi magazeti yaliandika kuwa siku za hatari mwanamke humtamani mwanamume mwenye kifua kipana na taya nene, kisha siku zinazobaki hurudi kumpenda baba watoto. Ilikuwa hadithi tamu, na ilitokana na tafiti ndogondogo. Mwaka 2018 Julia Jünger na wenzake Ujerumani waliichunguza upya kwa wanawake wengi zaidi. Walichokiona ni kwamba siku hizo miili ya wanaume iliwavutia zaidi wanawake kwa ujumla, awe na kifua asiwe nacho. Hamu ilipanda, chaguo halikubadilika.

Vidonge vya majira navyo? Vinazuia yai kupevuka, kwa hiyo kile kilima cha katikati ya mwezi hulainika. Vilevile hupunguza testosteroni iliyo huru kwenye damu. Kutoka hapo watu huruka moja kwa moja na kusema vidonge vinaua hamu. Mapitio ya mwaka 2013 yaliyokusanya habari za watumiaji zaidi ya 8,000 yalionyesha hivi: wengi, kiasi cha theluthi mbili, hawakuona tofauti, zaidi ya mmoja kati ya watano hamu yao iliongezeka, karibu asilimia 15 ilipungua. Walioongezeka si ajabu, maana ile kalamu nyekundu haina kazi tena. Waliopungua nao hawasemi uongo, na dawa yao ni kurudi kliniki kubadilishiwa njia, badala ya kuacha kimyakimya na kurudi kwenye kalenda.

Kuzimika na kuzoea

Kuna hamu ya mwili na kuna kule kuzimika, kudata, kumfia mtu mpaka unasoma ujumbe wake mmoja mara kumi na mbili. Viwili hivi vinafuatana lakini havifanani.

Pale Pisa, Italia, Donatella Marazziti alipima damu za watu waliozama kwenye mapenzi mapya. Mwaka 1999 alionyesha kuwa upande wa serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, damu zao zilifanana na za wagonjwa wa mawazo yanayojirudiarudia, wale wanaoosha mikono mara arobaini kwa siku. Mwaka 2004 akarudi na jambo la ajabu zaidi: wanawake waliokuwa ndani ya miezi sita ya kwanza ya mapenzi walikuwa na testosteroni juu ya kawaida, na wanaume wao chini ya kawaida. Kana kwamba mapenzi mapya yanawasogeza wawili wakutane katikati. Alipowapima tena baada ya mwaka mmoja hadi miwili na ushee, tofauti ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wachache, 24 tu, kwa hiyo nisiijengee ghorofa. Lakini kila aliyewahi kupenda anaujua huo muda.

Halafu kuna utafiti wa Dietrich Klusmann wa Hamburg, 2002, uliohusu wanafunzi zaidi ya 1,800 wa miaka 19 mpaka 32 waliokuwa kwenye uhusiano. Kadiri uhusiano ulivyokuwa mrefu, hamu ya wanawake ilikuwa chini, wakati ya wanaume ilibaki karibu palepale. Wanaume walipungukiwa na kitu kingine, hamu ya kubembelezana tu, ambayo kwa wanawake haikushuka. Mwenye haraka atasema wanawake huchoka mapema. Mimi nasoma hivi: katika nyumba ile ile, kila mmoja alikuwa anangoja kitu ambacho mwenzake hakitaki tena sana, na hakuna aliyesema.

Karen Sims na Marta Meana wa Marekani walifanya jambo la busara, wakawauliza. Mwaka 2010 walitoa mahojiano ya wanawake 19 walioolewa waliosema hamu imewatoka. Majibu yao yangeweza kutoka Kariakoo. Tendo limekuwa ratiba. Mwenzangu amenizoea mpaka haniongeleshi kabla, ananishika tu. Nashinda mama, mpishi, mlipa ada, na saa nne usiku natakiwa niwe mpenzi, bila hata dakika kumi za kubadilisha nguo ya roho.

Mafuta na breki

Picha inayonisaidia kuliko zote ilitoka Taasisi ya Kinsey, chuo kikuu cha Indiana, kwa watafiti John Bancroft na Erick Janssen. Walisema ubongo una mifumo miwili, mmoja wa kukanyaga mafuta na mwingine wa kukanyaga breki, na kila mtu ana miguu yenye uzito wake. Mmoja ana mafuta mepesi, harufu ya shati inamtosha. Mwingine ana breki kali, mlango ukigonga tu kila kitu kimezima. Mtu aliyepoa, basi, anaweza kuwa amekosa mafuta, au anayo tele ila breki imekanyagwa mpaka chini. Sisi dawa zetu zote ni za mafuta. Karanga, mihogo, asali na tangawizi, vumbi la Kongo kwa baba, shanga za kiuno kwa mama. Breki hakuna anayeigusa.

Njoo uzione breki zenyewe. Chumba na sebule cha kupanga, dari haijafika, ukuta umeishia kwenye mtambaapanya na juu pako wazi kwa nyumba nzima. Jirani akikohoa unamwambia pole. Mtoto wa miaka minne amelala kwenye godoro chini ya miguu ya kitanda, na kitanda chenyewe ni cha mbao, msumari mmoja umelegea. Mwanamke aliyelala pale anasikiliza vitu vitatu kwa mpigo: pumzi ya mtoto, msumari, na jirani. Kesho saa kumi na moja ataamka achemshe maji. Kodi ya miezi sita inaisha tarehe moja. Na mumewe ameshika bega.

Yule bibi wa hina pale saluni, baada ya kumsingizia jini, ndiye aliyekuja kuuliza swali la maana kuliko wote. Alinyamaza sana, mkono umenyooshwa hina isiharibike, kisha akasema: "Na huyo mumeo, akirudi kazini anaoga?" Dada akainama. "Fundi magari, bibi. Akichoka analala na mafuta yake." Saluni nzima ikalipuka. Bibi hakucheka. "Basi mwambieni huyo jini arudi kwao."

Harufu ni breki. Deni ni breki. Neno "umenenepa siku hizi" lililosemwa mbele ya mawifi ni breki inayokaa wiki mbili. Maumivu ni breki kubwa kuliko zote, kwa sababu mwili una kumbukumbu: ukiumia mara tatu, mara ya nne unajikaza wenyewe hata kabla ya kuguswa. Ndiyo maana naichukia biashara ya shabu na unga wa kubana unaouzwa kwa wasichana eti wawe kama wapya. Shabu hukausha, ukavu huchubua, mchubuko huuma na hufungua njia ya maambukizi. Mwanamke ananunua breki kwa fedha yake mwenyewe.

Mama mpya naye aachwe apumue. Anayenyonyesha ana prolaktini nyingi, ile homoni ya kutengeneza maziwa, na estrojeni kidogo, kwa hiyo ukavu na kupoa ni kazi ya maziwa. Arobaini ikiisha haina maana kwamba mwili umesoma kalenda. Mtoto ameshinda kifuani siku nzima, na ngozi ya mama imechoka kuguswa.

Somo alijua, lakini nusu

Watu wa pwani hawawezi kusema elimu hii ni ya wazungu. Siku nilipotolewa mwali, somo yangu, yule mama anayemfunda mwali, alinifundisha singo: namna ya kuusugua mwili taratibu kwa ule mchanganyiko wa mawaridi na liwa, kuanzia unyayo, bila haraka, kisha udi kwenye nguo, kisha kikuba cha asumini na rehani. Ilichukua alasiri nzima. Wote tuliambiwa kuwa hayo ni kwa ajili ya mume. Nimekuja kufikiri baadaye kwamba yalikuwa yanafanya kazi kwetu kabla ya kumfikia yeye. Saa tatu za utulivu, mlango umefungwa, mikono yako juu ya mwili wako, harufu nzuri, hakuna anayekuita mama. Kama unatafuta namna ya kuiamsha hamu inayoitika, hiyo ndiyo. Somo alikuwa anatoa mguu kwenye breki bila kuijua breki kwa jina.

Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma za unyago Zanzibar kwa miaka mingi, na waliomwona wanajua hakuwa na haya kulitaja jambo kwa jina lake. Hata dini haikuwa na haya hiyo. Inasimuliwa kuwa Umar bin Khattab alipokuwa khalifa alimsikia usiku mwanamke akiimba upweke wa mume aliyekwenda vitani, akamuuliza binti yake Hafsa mwanamke anaweza kuvumilia muda gani. Riwaya zinatofautiana, miezi minne au sita, lakini askari wakawekewa kikomo cha kukaa mbali. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, aliandika kuwa mume akishatimiza haja yake asiondoke, amsubiri mkewe naye atimize yake. Ni maneno ya zamani kuliko msikiti wowote ninaousali.

Lakini nina deni na somo yangu. Alinifundisha kukata kiuno, kumpokea, kumfuta kwa kitambaa cha uvuguvugu. Hakuniuliza hata siku moja mimi napenda nini. Nilipoolewa nilikuwa najua mwili wa mtu mwingine kuliko wangu, na nilipopoa sikuwa na maneno ya kusema zaidi ya "nimechoka". Sherehe za jikoni za Dar siku hizi zimerithi nusu ile ile: sufuria, makabati, na MC anayefundisha kumridhisha baba.

Kosa hilo linafika mbali zaidi, mpaka kwenye ridhaa. Mwaka 2010 Meredith Chivers na wenzake walikusanya tafiti 132 zilizolinganisha mwili unavyoitika na mtu mwenyewe anavyosema anajisikia. Kwa wanaume ulinganifu ulikuwa 0.66, pale ambapo 1 ni kulingana kabisa. Kwa wanawake, 0.26. Maana yake mwili wa mwanamke unaweza kulowana na yeye mwenyewe hataki, na anaweza kutaka sana na mwili ukabaki mkavu. Mwanamume anayesema "mbona mwili wako ulikubali" amesoma kitabu kisicho na maneno. Waliowahi kulazimishwa na kisha wakajichukia kwa sababu mwili uliitika, hilo nimeliandika kwa ajili yenu. Mwili ulijikinga.

Lini uende hospitali

Kupanda na kushuka kwenyewe hakuhitaji dawa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unataka hali ya kukosa hamu idumu kama miezi sita na imsumbue mwanamke mwenyewe ndipo iitwe tatizo. Yeye mwenyewe, narudia. Mume kusumbuka ni mazungumzo ya ndoa.

Lakini yapo mambo ya kupimwa. Upungufu wa damu unazima kila kitu, na wengi wetu tunaishi nao tukiuita uchovu. Tezi ya shingo ikilegea, hamu hulegea nayo. Baadhi ya dawa za sonona, hasa zinazopandisha serotonini, zinajulikana kwa kupunguza hamu na kuchelewesha kilele. Usiziache ghafla, mwambie aliyekuandikia. Maumivu wakati wa tendo si ukike. Yanaweza kuwa maambukizi, endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi inayoota nje yake), misuli inayojikaza, au kovu la ukeketaji, na kila kimoja kina njia yake ya kusaidiwa.

Kidonge cha hamu kipo, ila kisikupe ndoto. Flibanserini, iliyoanza kama dawa ya sonona ikashindwa, ilikataliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, kisha ikaruhusiwa Agosti 2015. Unaimeza kila siku, pombe inakuwa hatari nayo, na kwa wastani ilileta nusu mpaka tukio moja la kuridhisha zaidi kwa mwezi kuliko kidonge cha majaribio kisicho na dawa ndani. Kwa gharama hiyo bora mtafute fundi wa dari.

Ukifika kwa muuguzi usiseme "sijisikii vizuri", utaandikiwa panadoli. Sema limeanza lini, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango na tangu lini, dawa gani nyingine unameza, unanyonyesha au hunyonyeshi, panauma au hapaumi, na kama hamu imekufa kwa kila kitu au kwa mtu mmoja tu. Hilo la mwisho litakuwa gumu kulitamka. Na muuguzi akicheka, vuta kitabu chako cha kliniki, ulizia chumba kingine.